Jerikeni Ngapi kwa Siku?

Somo la vikundi vya nyumbani. Mafungu ya kusoma kabla ya kukutana: 1 Petro 3:7, Marko 14:12–16, Matendo 6:1–7, Wagalatia 2:11–13.

Somo la wiki hii nimepewa mimi niliandike kwa sababu, kama mchungaji alivyosema mbele ya wazee wengine huku akicheka, mimi ndiye mwenye kesi. Basi nitaanza na kesi yangu, halafu tufungue Neno.

Mwaka wa 2020 tulikuwa tunaishi Karagita, kule Naivasha, katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja. Mimi na mama watoto wote tulifanya kazi kwenye mashamba ya maua, kila mtu shamba lake. Mimi nilikuwa upande wa kunyunyiza dawa, yeye alikuwa upande wa kupanga maua na kuyafunga. Korona ilipoingia mwezi wa Machi, soko la Ulaya likaanguka, maua yakatupwa, na wafanyakazi wengi tukaambiwa twende nyumbani tungoje simu. Simu yangu haikuja. Mama watoto alibakizwa kati ya wale wachache waliohitajika.

Kwa hivyo kwa miezi mitano yeye ndiye aliyetoka kwenda kazini na mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wawili walikuwa nami. Makanisa nayo yalifungwa, na hata yalipofunguliwa Julai ilikuwa ni kwa watu wachache na kwa saa moja tu, hivyo maombi yetu ya usiku tuliendelea nayo kwa simu. Kila saa tatu usiku tulikutana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mimi nilikuwa mmoja wa viongozi. Nilifunga na kuomba, nikimlilia Mungu anirudishie kazi. Lakini bibi yangu alikuwa haonekani kwenye maombi. Usiku wa kwanza, wa pili, wiki, mwezi. Nikimwamsha ananiitikia "amina" macho yamefungwa.

Nikampigia mchungaji. Nilimwambia hivi, na ninaiandika kama nilivyosema: "Mchungaji, bibi yangu amepoa. Ule moto wa kwanza umezimika. Tusimame naye kwa maombi."

Mchungaji akanyamaza kidogo. Nilidhani mtandao umekatika. Halafu akaniuliza, "Mzee, kwenu mnatumia jerikeni ngapi za maji kwa siku?"

Nikasema sijui vizuri.

"Mtungi mmoja ni pesa ngapi hapo kioskini siku hizi?"

Sijui.

"Makaa mnanunua kwa debe au kwa gunia?"

Hiyo pia sikujua. Mimi niliyekuwa nyumbani kutwa kucha, siendi mahali, sikujua.

Akaniambia, "Nenda ukahesabu kwanza. Usiniambie mtu amepoa kabla hujahesabu." Kisha akaomba kwa kifupi sana, akakata simu.

Alhamisi nikachukua daftari la mtoto na penseli. Saa kumi alfajiri aliamka. Akawasha jiko nje ya mlango, akapika chai, akainjika maharagwe ya mchana, chakula cha watoto na changu mimi niliyekuwa bado kwenye blanketi nikiandika. Saa kumi na moja na nusu alikuwa barabarani akingoja basi la shamba. Kutwa nzima alisimama akipanga maua kwa urefu wa shina. Saa kumi na moja jioni akarudi, akaweka mkoba chini, hakukaa. Akachukua jerikeni ya lita 20, akaifunga kamba, akaenda kioskini na kurudi nayo mgongoni. Kisha ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akachambua sukuma, akasonga ugali, akaogesha mtoto mdogo, akaosha vyombo vya jioni pamoja na vya asubuhi na vya mchana, manake mimi na watoto tulikuwa tumekula na kuviacha kwenye beseni. Akafua sare yake ya kazi kwa sababu anayo moja tu, akaianika ndani. Saa tatu usiku, kiongozi wa zamu alipofungua maombi, yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja bado mguuni, amelala.

Upande wa pili wa karatasi nikaandika siku yangu. Nilikuwa nimesoma sura nane, nimeomba karibu saa tatu, nimetembea hadi lami kuwaona vijana wa boda, nimelala mchana.

Jerikeni ni nne, wapendwa. Siku ya kufua ni nane.

Sasa tufungue 1 Petro 3:7. Hilo fungu tumelihubiri sana harusini, na kwa kawaida tunasimama kwenye lile neno la mke kuwa chombo dhaifu, tunaliacha pale. Lakini angalieni jinsi Petro anavyoanza na anavyomaliza. Anaanza kwa kuwaagiza waume wakae na wake zao kwa akili, yaani kwa ujuzi, kwa kumfahamu yule unayeishi naye. Na anamaliza kwa kusema sababu: maombi yasije yakapata kizuizi. Mimi nilikuwa nimefunga siku kumi na nne nikitafuta ni pepo gani amezuia maombi yangu. Nimekemea mpaka sauti ikakauka. Kumbe andiko lilikuwa limeshataja mahali pa kuangalia, na lilikuwa linamwambia mume, si mke. Mtume hakusema mkae nao kwa upendo wa maneno, ati "nakupenda mpenzi" halafu beseni limejaa. Alisema kwa ujuzi. Na ujuzi wa nyumba ya Karagita unaanzia kwa kujua jerikeni ni ngapi.

Nikamkumbuka pia Eliya, 1 Wafalme 19. Alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu hakumtumia mtu wa kumkemea kwamba amepoa. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika hakuanza na mahubiri. Alileta chakula na maji.

Nataka tukae kidogo hapa kwa jambo ambalo limenisumbua sana tangu siku ile. Wanaume wengi tunasema, "Hivi ndivyo tulivyolelewa. Kazi za nyumba ni za mama, na za nje ni za baba. Ni mila zetu, na Biblia haikuzipinga." Mimi nilizaliwa Vihiga, nikalelewa hivyo hivyo. Mvulana akionekana karibu na mafiga aliulizwa kama anataka kuota matiti. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu baba zetu. Baba yangu hakupika, ni kweli. Lakini alijenga nyumba ile kwa mikono yake, akaikandika upya udongo ulipobomoka. Alifunga na kufungua ng'ombe. Alikata miti, akapasua kuni zile ngumu. Alichimba choo. Alitengeneza ua, alilima shamba la juu, alikesha ng'ombe akizaa. Mzee alikuwa na kazi zake za nyumba, na zilimchosha.

Sasa mimi nikahamia Karagita. Nyumba ni ya landilodi, paa likivuja ninampigia simu. Ng'ombe hakuna. Ua hakuna. Kuni hakuna, ni makaa na gesi. Choo ni cha ploti nzima. Kazi zote za baba zilibaki Vihiga. Lakini kazi za mama zilipanda basi pamoja naye, zote, na alipofika mjini akaongezewa ya kuajiriwa. Ule mgawanyo wa wazee wetu, uwe ulikuwa wa haki au la, ulikuwa na pande mbili. Sisi tumetupa upande wetu, tukaubeba upande wa mama peke yake na kuuita mila.

Na si Karagita tu. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilipopima mwaka 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao, lilikuta kwamba mwanamke anatumia karibu mara tano ya wakati ambao mwanamume anatumia kwa kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Hata serikali imeziona kazi hizi: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kupika, kuosha na kulea watoto kuwa ni mchango katika mali ya wenye ndoa. Sisi tunaosema tuna macho ya rohoni tumepitwa na wabunge.

Fungueni sasa Marko 14:13. Siku ya Pasaka, wanafunzi wanamuuliza Bwana mahali pa kuandaa. Anawatuma wawili mjini, na anawapa ishara: watakutana na mwanamume amebeba mtungi wa maji, wamfuate. Mji umejaa watu wa sikukuu, watamtambuaje? Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaeleza kwamba katika nchi ile mtungi wa maji ulibebwa na wanawake, na ndiyo sababu mwanamume aliyebeba mtungi angeonekana haraka. Mtu huyo hatajwi jina. Hatujui kama alikuwa mtumishi au mwenye nyumba. Tunachojua ni kwamba njia ya kwenda kwenye chumba cha juu, pale ambapo meza ya Bwana iliandaliwa kwa mara ya kwanza, ilipita nyuma ya mwanamume aliyebeba maji. Na jioni ile ile, ukisoma Yohana 13, Bwana mwenyewe akavua vazi, akajifunga taulo, akamimina maji kwenye beseni.

Ijumaa nilichukua jerikeni. Nataka kusema ukweli jinsi ilivyokuwa, kwa sababu tukiwaambia vijana ni rahisi tutakuwa tunawadanganya. Foleni ya kioski ilikuwa ya akina mama na watoto, na vijana wawili wa mkokoteni. Nilipofika mazungumzo yalikatika. Jirani mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa, "Pole baba, mama watoto anaumwa?" Nikasema haumwi. "Ameenda nyumbani?" Nikasema yuko kazini. Akanyamaza, akaangaliana na mwenzake. Nikaona heri ningesema anaumwa.

Lakini nikiwa pale nikawaangalia wale vijana wa mkokoteni. Walikuwa na jerikeni ishirini, wanachota na kwenda kuuza nyumba kwa nyumba. Ni wanaume, tena wenye misuli. Hakuna aliyewacheka. Nikajiuliza, kwani ni nini kinachochekwa? Si kubeba maji, maana hawa wanabeba. Nenda hoteli yoyote ya stendi pale Naivasha mjini uone nani anasukuma chapati. Ni mwanamume. Nani anachoma nyama? Mwanamume. Nani anafua na kupiga pasi nguo za watu kule dobi? Mara nyingi mwanamume. Tunapika, tunafua, tunabeba maji vizuri tu, bora kuna anayetulipa. Kazi ile ile tukiifanya bure kwa ajili ya mke tuliyeapa mbele za Mungu, hapo ndipo inakuwa aibu. Ndugu zangu, hiyo aibu imetoka kwa nani? Mimi sijaipata kwenye Biblia. Ibrahimu alikimbia mwenyewe kundini kuchagua ndama, akamwambia Sara akande unga, kisha akawaandalia wageni na kusimama karibu nao wakila, mzee wa karibu miaka mia. Bwana Yesu baada ya kufufuka, mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani, alikutwa ufuoni na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate, akiwangoja wanafunzi waliokesha kazini. Yohana 21:9. Hakuna aliyeuliza nani amemkalia.

Mama watoto mwenyewe hakufurahi kama nilivyotarajia. Hili niliseme kwa wanaume mnaodhani mtapigiwa makofi. Jioni ya kwanza alikuta maji yamejaa na vyombo vimeoshwa, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Umefanya nini?" Alidhani nimetenda kosa fulani na ninalipia. Halafu akaanza kuosha upya sufuria, kwa sababu kweli sikuwa nimezisugua chini. Tuligombana kidogo. Ilichukua wiki kadhaa mpaka aniache jikoni bila kusimama nyuma yangu. Dada zangu, nawaomba kwa upole: mume akianza, ugali utakuwa na mabonge. Mwacheni. Mkimnyang'anya mwiko siku ya kwanza, mtabaki nao miaka ishirini.

Na kwenye maombi hakurudi mara moja. Wiki ya kwanza nilipochukua maji na vyombo, alitumia ile nafasi kulala. Saa mbili na nusu alikuwa amelala fofofo. Mimi wa zamani ningesema, unaona, si kuchoka, ni kupoa. Nikamkumbuka Eliya, nikanyamaza. Ilikuwa wiki ya tatu, siku ya Jumatano, nilipoiskia sauti yake kwenye simu, akiomba kutoka kitandani akiwa amekaa wima. Aliombea wale waliorudishwa nyumbani kutoka kazini. Aliomba muda mrefu kuliko mimi. Sikuongeza neno usiku huo.

Kisha mama yangu akaja kutoka Vihiga, mwezi wa Disemba. Na hapa kesi yangu inakuwa mbaya tena.

Siku ya kwanza mama alinikuta nikiosha vyombo. Hakusema kitu. Alikaa kwenye stuli, akaniangalia kwa muda, akasema kwa lugha yetu, "Mwanangu, nilikuzaa uje uoshe masufuria ya mwanamke?" Bibi yangu akaruka, akanipokonya ile sufuria, akasema, "Samahani mama, nilikuwa nje kidogo tu." Na mimi nikamwacha aichukue. Siku nne ambazo mama alikaa kwetu, sikugusa jerikeni wala beseni. Niliketi kwenye kiti nikiangalia taarifa ya habari kama mtu mkubwa. Mama watoto alirudi kwa siku zake za zamani, zote, na mama mkwe wa kuhudumia juu yake.

Usiku wa nne akaninong'oneza, "Kwa hivyo wokovu wako unaisha mama akifika?"

Someni Wagalatia 2:11–13. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa bila shida. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, kwa kuwaogopa. Paulo akampinga uso kwa uso, mbele ya wote. Petro alijua ukweli, alikuwa ameonyeshwa na Mungu kwa maono juu ya dari kule Yafa. Hakukosa ufunuo. Alikosa ujasiri wakati watu wa nyumbani walipofika. Hata Barnaba akachukuliwa na unafiki ule, na kwetu Barnaba alikuwa kijana wangu wa miaka kumi, aliyeacha kuchambua sukuma siku ile ile baba yake alipoacha.

Asubuhi nilimchukua mama tukaenda kioskini pamoja. Sikumhubiria, hamhubirii mama yako. Nilibeba maji, yeye akatembea kando yangu. Njiani akaniambia mgongo wake ulianza kuuma mwaka ule niliozaliwa, kwa sababu ya kisima cha bondeni. Hakusema kwamba amekubali. Mpaka leo hajakubali, akija hupenda kusema watoto wa siku hizi wamegeuza dunia. Lakini hajaniuliza tena lile swali, na mimi sijaweka jerikeni chini tena kwa sababu yake.

Kuna swali ambalo najua litaulizwa Ijumaa, kwa hivyo nilijibu hapa. "Mzee, unataka kuondoa ukichwa wa mume? Tukianza kuosha vyombo, si watatupanda kichwani?" Waefeso 5:23 inamwita mume kichwa, na sijaifuta. Ila endeleeni hadi mstari wa 25, uone kichwa hicho kimefananishwa na nani, na alifanya nini kwa ajili ya kanisa. Alijitoa. Mtu anayeweza kutoa uhai wake kwa ajili ya mke lakini hawezi kutoa takataka, huyo sijui tumweke wapi. Na wale mtakaoniletea Tito 2:5, kwamba wanawake wafanye kazi nyumbani mwao, nawajibu kwamba ndivyo wanavyofanya. Sijaona mstari unaosema mume akae. Mama wa Mithali 31 tunayemhubiri kila Siku ya Akina Mama, someni mstari wa 15: alikuwa na wajakazi. Hilo hatulitaji kamwe.

Sisemi pia tugawe kwa rula, sufuria tatu kwako na tatu kwangu. Ndugu anayeendesha boda mpaka saa nne usiku ili watoto wale, huyo anatimiza 1 Timotheo 5:8, na mkewe anajua. Wala sisemi mume aache kutafuta riziki ati amekuwa mtu wa jikoni. Ninachouliza ni kama unajua. Unajua nyumba yako inaendeshwa na mikono ya nani, saa ngapi, na imechoka kiasi gani? Halafu neno moja dogo: tuache kusema "namsaidia bibi." Ukikanyaga nguo zako mwenyewe kwenye beseni, humsaidii mtu. Ni nguo zako.

Vijana mnaokaribia kuoa, hili ni lenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo mtoto akizaliwa. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa mama alifanyiwa upasuaji, na mimi nilipewa hizo wiki mbili. Nilizitumiaje? Nilienda Vihiga kumalizia kununua kaploti. Dada yake ndiye aliyekuja kumkanda na kumpikia uji. Torati ilikuwa imempa mume mpya mwaka mzima wa kukaa nyumbani, bila vita wala shughuli nyingine, amfurahishe mke wake. Kumbukumbu la Torati 24:5. Mimi nilipewa siku kumi na nne nikaziuza. Hizo haziwezi kurudi, na mama watoto huzitaja mara moja moja, bila hasira, kama mtu anayetaja mvua iliyomkuta njiani.

Tumalizie na Matendo 6, maana hii si habari ya nyumba zetu tu. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Mitume hawakuunda kamati ya akina mama. Waliagiza wachaguliwe wanaume saba, na sharti halikuwa kujua kupika. Sharti lilikuwa wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Stefano alikuwa mmoja wao, na Filipo. Hawa ndio waliopewa meza. Sisi tunaojiita watu wa Pentekoste tunamtafuta Roho kwa kunena na kwa kuponya, na ni vizuri. Lakini hapa kujazwa Roho kunaulizwa mahali pa kugawa chakula. Na mstari wa 7 unasema nini kilifuata? Neno likaenea, na wanafunzi wakaongezeka sana.

Sasa tuangalie kongamano letu la Agosti. Siku tatu. Mnenaji anatoka mbali, tumefunga, tumechanga. Na siku zote tatu akina mama wetu kumi na wawili wako nyuma ya kanisa kwenye moshi, wakisikia mahubiri kwa spika moja tuliyoielekeza jikoni. Tunaita hiyo huduma yao. Mwaka jana ushirika wa wanaume tulichukua siku moja, ile ya katikati. Tuliamka saa tisa usiku. Wali uliungua chini, chai ilikuwa na chumvi kwa sababu mzee mmoja, simtaji, alichanganya mikebe. Lakini akina mama walikaa kanisani mbele, wote, na wito ulipotolewa mmoja wao alitoka kwenda madhabahuni akalia kwa muda mrefu. Alituambia baadaye kwamba kwa makongamano sita hajawahi kuwa ndani wakati wa wito. Makongamano sita! Na sisi tulikuwa tukiripoti idadi ya waliohudhuria pamoja naye.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii. Kila wenye ndoa wachukue karatasi mbili. Mume aandike siku nzima ya mke wake, tangu kuamka hadi kulala, kadiri anavyojua, bila kumuuliza. Mke naye aandike ya mume wake. Kisha mbadilishane, kila mtu asahihishe yake kwa kalamu nyekundu. Wazazi wanaolea peke yao wafanye hivyo na watoto wao, wavulana na wasichana. Wale ambao hawajaoa waandike siku ya mama yao au ya dada wa kazi aliyewalea, waone wanakumbuka nini. Mjadili: ni kazi gani ambayo baba yako aliifanya kijijini na wewe huna tena, na umeweka nini mahali pake? Ni nani akifika nyumbani kwenu unaweka jerikeni chini? Na je, kuna mtu katika kikundi chenu tunayesema amepoa, ambaye hatujawahi kuhesabu siku yake?

Karatasi hazitakusanywa, zibaki kwenu. Tunakutana Ijumaa saa kumi na mbili jioni kama kawaida. Chai wiki hii itapikwa na baba wa kila nyumba tutakayokutania, kwa hivyo njooni mapema kidogo, manake wengine wetu bado hatujui majani yanawekwa kabla ya maziwa au baada.